Mtoto ana saratani: maswali ambayo wazazi hutuuliza wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wenye saratani, Dar es Salaam. Daktari akishatoa majibu na kuondoka, mimi ndiye ninayebaki. Mama hukaa kimya kidogo, halafu huuliza: "Sista, hivi daktari amesema nini?" Maswali yafuatayo naulizwa karibu kila wiki, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale kitandani. Nimewaandikia wazazi, lakini ningefurahi madaktari na wauguzi walioko mikoani nao wakiyasoma, maana mengi ya maswali haya yasingekuwepo kama tungesema vizuri mara ya kwanza.

Tunapimwa wiki nzima sasa. Mbona daktari hatuambii ugonjwa?

Saratani ya mtoto haijulikani kwa kutazama. Shavu lililovimba linaweza kuwa jino bovu. Tumbo kubwa linaweza kuwa bandama iliyovimba kwa malaria. Mtoto anayelia miguu usiku na kuishiwa damu anaweza kuwa na selimundu. Ndiyo maana wengi wanaotufikia wameshatibiwa malaria mara tatu au nne, na wengine wanakuja na chale mbichi ubavuni, pale walipochanjwa bandama. Ili awe na uhakika, daktari huchukua kinyama kwenye uvimbe, au akishuku saratani ya damu huvuta uboho kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Kinyama hakisomwi siku hiyohiyo. Hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, ndipo mtaalamu akiangalie kwenye hadubini. Hapo hatuwezi kubahatisha, kwa sababu dawa za limfoma, yaani saratani ya tezi, si dawa za uvimbe wa figo.

Lakini kusubiri majibu si sababu ya kumwacha mzazi gizani. Daktari anayejua kazi yake husema tangu siku ya kwanza kile anachokihofia: "Mama, nimeshika uvimbe tumboni. Yako mambo kadhaa yanayoweza kuuleta, na mojawapo ni saratani. Nataka nihakikishe kabla sijasema ni hiyo." Mzazi aliyeambiwa hivyo huja siku ya majibu akiwa ameshalala na lile neno siku kadhaa. Kama hujaambiwa hivyo, uliza: "Daktari, wewe unahofia nini?" Si utovu wa adabu.

Kwa nini mmoja anasema "uvimbe", mwingine "siei", mwingine "saratani"?

Ni woga wetu. "Siei" ni herufi mbili, CA, kifupi cha Kiingereza cha kansa, ambazo sisi watu wa hospitali huzitumia mbele ya mgonjwa ili asielewe, naye huelewa mara moja kwamba kuna kitu anafichwa. Ningependa tuziache kabisa. "Uvimbe" ni kweli, ila ni nusu ya kweli: hata jipu ni uvimbe, na jipu hukamuliwa likaisha. Mzazi aliyeambiwa uvimbe atashindwa kuelewa kwa nini tiba inachukua miezi, na mwezi wa pili atafungasha.

Neno saratani limetoka Kiarabu na maana yake ya asili ni kaa, huyuhuyu wa ufukweni. Kansa nalo, kwa Kilatini, ni kaa. Matabibu wa kale waliona mishipa iliyotanuka kuzunguka uvimbe wakafananisha na miguu ya kaa. Hilo tu. Halina laana ndani yake, na likitajwa kwa sauti halimwongezei mtoto ugonjwa.

Siku ya majibu niende na nani?

Usiende peke yako. Kama baba yuko machimboni au baharini, mwombe daktari ili baba apigiwe simu, iwekwe sauti ya juu mezani. Hili si jambo dogo. Mara nyingi mtu anayeamua hayupo chumbani: mama anasikia, anaelewa, anarudi nyumbani kueleza kwa maneno yake, na baba mkubwa au bibi ambaye hakusikia chochote anasema mtoto asipelekwe tena. Huyo bibi si adui. Ameamua kwa habari za kuambiwa na mtu aliyekuwa analia. Akisikia mwenyewe kutoka kwa daktari, akauliza na kujibiwa, mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi wa tarehe za kliniki.

Kama Kiswahili chako ni cha sokoni tu na nyumbani mnaongea Kisukuma au Kimaasai, sema. Hospitali kubwa haikosi mfanyakazi wa lugha yako. Usikubali kaka au dada mdogo wa mgonjwa awe mkalimani. Mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kutafsiri habari ya namna hii kwa mama yake.

Daktari anatakiwa aizungumzeje?

Mwaka 2000 madaktari wa Marekani na Kanada walichapisha hatua sita za kutoa habari nzito kwa wagonjwa wa saratani, na hadi leo hufundishwa vyuoni sehemu nyingi duniani. Kwa ufupi: tafuta mahali pa faragha mkae, uliza mzazi anajua nini tayari, uliza angependa kuelezwa kwa kiasi gani, sema habari kwa maneno mepesi, pokea machozi au hasira, kisha mpange cha kufanya.

Hatua hizo zinafaa huku kwetu pia, ila naona ya tano ndiyo tunayoiruka. Wodi imejaa, foleni ni ndefu, na daktari akishataja ugonjwa huendelea moja kwa moja kwenye majina ya dawa. Nimefanya kazi na daktari mmoja ambaye akishasema neno, huweka kalamu mezani, husema "Pole sana, mama," halafu hanyanyui mdomo. Mara ya kwanza nilidhani amesahau alikofika. Nikatazama saa ya ukutani: karibu dakika mbili nzima. Mama alilia, akajifuta kwa ncha ya kanga, akauliza mwenyewe, "Sasa tunafanyaje?" Kuanzia hapo ndipo maelezo yalipoingia. Mengi ya kabla ya hapo yangemwagika tu.

Kama umepewa majibu koridoni, umesimama, huku wanafunzi wa udaktari wamekuzunguka, umekosewa. Una haki ya kuomba kikao kingine, cha kukaa.

Nilivyosikia "saratani" sikusikia tena kitu. Nina tatizo?

Hapana. Karibu kila mzazi huniambia hivyo. Nunua daftari dogo, andika maswali usiku, rudi nayo kesho. Au omba ruhusa ya kurekodi kwenye simu, ili na wa nyumbani wasikie.

Nimekosea wapi? Ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito?

Akina baba huuliza hili kwa sauti ya chini, akina mama hulia kwanza. Hapana. Saratani nyingi za watoto hazitokani na chakula, wala mzazi hakufanya kitu cha kuzileta. Haiambukizi: ndugu zake wanaweza kulala naye na kula naye sahani moja. Si kijicho cha jirani.

Pale tunapojua sababu, tunazisema. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya na tumbo, imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona. Leo tunajua inahusiana na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtoto hukipata, pamoja na malaria ya mara kwa mara inayochosha kinga ya mwili. Ndiyo maana tunaiona sana ukanda wa malaria nyingi. Retinoblastoma, saratani ya jicho, ni mojawapo ya zile zinazoweza kutembea katika familia: katika kila watoto kumi wenye ugonjwa huo, kama wanne wana hitilafu ya kuzaliwa nayo kwenye jeni, hata kama wazazi ni wazima. Kwa hiyo tukikwambia uwalete wadogo zake wapimwe macho, hatukulaumu. Tunataka kuwawahi.

Atapona?

Hili ndilo swali ambalo madaktari wengi hulikwepa, na mimi naona kulikwepa ni kumnyima mzazi nguvu. Watoto hawafanani na watu wazima. Saratani nyingi za utotoni zinatibika mpaka zikaisha. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2018 ili ifikapo 2030 walau asilimia 60 ya watoto wote duniani wapone.

Tofauti hiyo haitokani na damu zetu wala na aina ya watoto tulionao. Inatokana na kuchelewa kufika, kukosewa kipimo, dawa kukatika, homa isiyowahiwa, na mtoto kuondolewa wodini kabla ya kumaliza. Yapo hapo mambo yanayotuhusu sisi na serikali, na lipo moja liko mikononi mwako: kutomwondoa mtoto kabla ya kumaliza. Kwa hiyo daktari akikwambia "Ugonjwa huu una tiba, ni mgumu, tutahitaji muda na wewe usichoke," hilo ni jibu la kweli. "Tumwachie Mungu" lisemwe na mchungaji au shehe. Likitoka kwa daktari siku ya kwanza, mzazi husikia kwamba hakuna tiba.

Uvimbe umeisha, mtoto anakula vizuri, amenenepa. Kwa nini hamturuhusu?

Hapa ndipo tunapowapoteza watoto wengi, na kosa kubwa ni letu, la ulimi.

Limfoma ya Burkitt inaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili, na vilevile hunywea upesi ikipigwa dawa. Taya lililokuwa kama embe linarudi ndani ya siku chache. Kwenye saratani ya damu, vidonge vya prednisoloni humtia mtoto njaa, mashavu yakajaa, akawa mnene kuliko alivyokuwa kabla hajaugua. Mtu yeyote angesema amepona.

Na mimi nilisema. Ni miaka mingi iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo. Nilimwambia mama mmoja, kwa furaha kabisa, "Mtoto amepona sasa, mshukuru Mungu," nikimaanisha kwamba uvimbe hauonekani tena. Kesho yake asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa vizuri. Mahindi yalikuwa yanasubiri kuvunwa kwao, na muuguzi alikuwa amemwambia mtoto amepona. Alirudi baada ya wiki tisa, mtoto taya limevimba upya na jicho limetoka nje. Tulianza tena, na safari hiyo dawa hazikushika.

Tangu siku hiyo silitumii neno hilo mpaka tiba iishe na muda wa uangalizi upite. Nasema "uvimbe umenywea, mbegu zake bado zimo." Kwa wakulima natumia ndago. Ukiikata juu, shamba linang'aa wiki moja, lakini chini bado ina viazi vyake, na mvua ikinyesha unaiona tena. Kila mzunguko wa dawa ni palizi nyingine. Limfoma ya Burkitt huchukua miezi kadhaa, saratani ya damu ya kawaida ya watoto miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa yake ukiwa unatoka nyumbani kuja kliniki. Daktari akupe tarehe zote kwa maandishi tangu mwanzo, ili uamue mapema nani atavuna mahindi.

Sindano ya mgongoni si italemaza mtoto?

Haimlemazi. Wazazi huihofia kuliko dawa yoyote, na nadhani najua uvumi ulikoanzia. Dawa za kwenye mshipa nyingi haziingii vizuri kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo seli za saratani zinaweza kujificha humo. Ndiyo sababu tunaweka dawa kwa sindano sehemu ya chini ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Sasa, kipindi hichohicho mtoto anapata vinkristini kwenye mshipa, na hiyo hulegeza miguu: mtoto anaburuza vidole, anajikwaa, anapata choo kigumu. Mzazi anaunganisha mambo mawili, mgongo na miguu, na kwa kweli mtu yeyote angeunganisha. Ulegevu huo kwa wengi hupungua dawa ikipunguzwa au ikimalizika. Tuambie ukiuona.

Vivyo hivyo na ile dripu nyekundu, doksorubisini. Mkojo wa siku hiyo utakuwa mwekundu au wa chungwa. Si damu. Tungesema kabla ya kuitundika, mama asingekesha analia chooni.

Mtoto mwenyewe aambiwe?

Aambiwe, kwa kipimo cha umri wake. Wa miaka minne anataka kujua mambo matatu: itauma, mama atakuwepo, na si kwamba anaadhibiwa. Wa miaka minane anaweza kuelezwa kwamba damu yake ina askari wagonjwa na dawa inawaondoa ili wazima wakue, na kwamba nywele zitatoka na kuota tena. Wa miaka kumi na minne anayo simu, ameshatafuta kila kitu kabla yako. Ukimdanganya, atakachojifunza ni kwamba wewe si wa kuulizwa.

Mila zetu zinatuambia tumkinge mtoto na mazito, na upendo uliomo humo nauheshimu. Lakini watoto wanajua. Wanahesabu vitanda vilivyobaki wazi. Mvulana mmoja wa miaka tisa aliniuliza nikiwa nabadilisha plasta: "Sista, mama akiniuliza kama najua ugonjwa wangu, nimwambie sijui? Yeye hataki nijue." Alikuwa anamlinda mama yake, na mama alikuwa anamlinda yeye, kila mmoja peke yake, kwenye kitanda kimoja. Jioni ile niliwakalisha pamoja. Hawakuongea sana. Aliuliza kama ataruhusiwa kucheza mpira wodini.

Daktari anasema jicho litolewe. Hakuna njia nyingine?

Wakati mwingine ipo, kama mmewahi. Dalili ya kwanza ya saratani ya jicho ni mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa na mwanga, au jicho lililoanza kwenda upande. Ukiiona, usingoje mwezi.

Uvimbe ukishalijaza jicho, jicho hilo mara nyingi halioni tena, na lililobaki ni njia: mshipa unaoliunganisha na ubongo, ambao saratani husafiri nao. Madaktari wengi huanza na "tutatoa jicho", na mzazi hukimbia pale pale. Mimi naamini tuanzie upande wa pili: kwanza uhai, halafu jicho zima lililobaki, halafu lile gonjwa. Na mzazi aonyeshwe jicho la bandia, alishike mkononi. Huwekwa wiki kadhaa baada ya operesheni, kidonda kikipona. Hofu ya mtoto kuitwa chongo shuleni ni hofu halali, izungumzwe wazi, ikiwezekana na mzazi ambaye wa kwake alishatolewa na leo yuko darasani.

Amepata homa usiku, tuko nyumbani. Nimpe panadol tuje asubuhi?

Hapana. Njooni usiku huohuo. Mtoto aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani, chembe nyeupe za damu yake zikiwa chini, anaweza kuzidiwa na maambukizi ndani ya saa chache. Mwambie wa mapokezi neno hili kwanza kabisa: "Mtoto yuko kwenye kemo na ana homa."

Tumeambiwa dawa hakuna. Tunafichwa kitu?

Kwa kawaida dawa hakuna kweli. Dawa za saratani za watoto nyingi ni za zamani na si ghali sana, lakini mahitaji ni madogo na mnyororo wa kuzileta hukatika. Chembe za kugandisha damu nazo huhifadhiwa siku tano hadi saba tu, kwa hiyo haziwezi kurundikwa, na ndiyo maana tunawasumbua ndugu kuchangia damu mara kwa mara. Unachopaswa kuambiwa wazi ni hiki: dawa ipi imekosekana, inatarajiwa lini, na kama iliyopo badala yake ni sawa au ni pungufu. Nimewahi kusikia mzazi akiambiwa "mtoto apumzike kidogo" kumbe dawa zimeisha. Akapumzika kijijini, hakurudi. Ukweli ungemrudisha.

Naweza kuendelea na maombi, au dawa za mganga?

Sali, na viongozi wa dini waje wodini, wanakaribishwa. Dawa za kunywa za miti shamba usichanganye na kemo, kwa sababu ini la mtoto lina mzigo tayari. Kama umeshampa, tuambie ni nini na lini. Hatutakugombeza, na daktari anayegomba hapo amefunga mlango ambao hautafunguka tena.

Sina bima wala pa kulala.

Uliza ofisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, si pesa zikiisha. Hospitali ya Muhimbili, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, watoto hutibiwa saratani bila mzazi kulipia, na ipo hosteli kwa wanaotoka mikoani. Hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, pia hutibu watoto, hivyo uliza kama rufaa inaweza kuwa ya karibu.

Na kama dawa zimeshindwa?

Kikao kinarudiwa, kwa utaratibu uleule: viti, simu ya baba, kimya. Daktari aseme "dawa za kuondoa ugonjwa hazifanyi kazi tena". Asiseme "hakuna tunachoweza kufanya", kwa sababu si kweli. Maumivu tunaweza kuyatuliza. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na mtoto mwenye maumivu hawi mlevi wa dawa kwa kuinywa kama ilivyopimwa. Pumzi, kichefuchefu, vidonda vya mdomo, vyote vina tiba shufaa yake, yaani tiba ya kumpunguzia mateso.

Wazazi huniuliza kama wazungumze na mtoto juu ya kifo. Huwaambia habari ya utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004, wa wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Kati ya waliokuwa wamezungumza na mtoto juu ya kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya ambao hawakuzungumza, zaidi ya robo walijuta. Nawaachia habari hiyo, wao wanamjua mtoto wao.

Msichana mmoja alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kwenda kwa bibi yake Kilwa, kuna mbuzi alikuwa amezaa. Tulimfungia morfini ya wiki mbili, bomba la kupimia, karatasi yenye michoro ya jua na mwezi kwa ajili ya saa za dawa, na namba ya simu ya wodi. Mama aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga, akapiga fundo.